Linux bila MMU juu ya prosesa laini: inapofaa na inapokwama

Kinachopimwa hapa ni kerneli ya Linux iliyojengwa bila kutegemea kitengo cha kusimamia kumbukumbu, yaani MMU, na kuendeshwa na prosesa laini: ile inayoandikwa kwa Verilog au VHDL kisha kupakiwa ndani ya FPGA, chipu ambayo saketi zake hupangwa na mtumiaji. Hukumu kwanza. Kifaa kinachohitaji mtandao kamili, mfumo wa mafaili na draiva ambazo hakuna mwenye muda wa kuziandika upya, na chenye RAM ya nje ya MB 16 kwenda juu, kitafaidika nayo. Kifaa cha kusoma vihisi na kuendesha mota hakiihitaji. Huko mifumo midogo ya uendeshaji kama FreeRTOS, Zephyr au NuttX hufanya kazi hiyo kwa kumbukumbu kidogo mno. Na FPGA ikiwa na nafasi, MMU iwekwe. Anayeiacha aiache kwa sababu anayoweza kuionyesha kwa tarakimu.

Msimamo huu unatokana na jambo moja. Penye MMU, makosa mengi ya kugawa kumbukumbu hurekebishwa mfumo ukiwa unaendelea: staki (eneo la muda la kazi za funkisheni) huongezwa, kurasa zilizotawanyika huonekana kwa programu kama eneo moja, mchakato mbovu hufa peke yake. Pasipo MMU, anwani inayoonwa na programu ndiyo anwani halisi ya RAM. Hakuna wa kusuluhisha baadaye. Hesabu yote ya kumbukumbu huwa imeshafungwa siku programu inajengwa, na aliyekosea atalipia kifaa kikiwa tayari kiko kazini.

Kazi hii ilianza mwaka 1998 kwa jina la uClinux, pale Jeff Dionne na Kenneth Albanowski walipoichukua Linux 2.0 na kuifanya iendeshwe na prosesa za Motorola za familia ya 68000 zisizo na MMU. Baadaye iliingizwa kwenye kerneli kuu, hivyo toleo la 2.6 la Desemba 2003 lilitoka likiwa nayo. Kwa hiyo leo hakuna haja ya kutafuta kerneli ya pembeni: ni CONFIG_MMU tu inayozimwa. Maelekezo yanayomtuma mtu akapakue furushi la uClinux-dist ni ya zamani, na atapoteza siku nyingi akipigana na kompaila ambazo hazitunzwi tena.

Prosesa ipi

Hapa ndipo miradi mingi huharibika kabla hata haijaanza, kwa sababu kusema kwamba Linux inaendeshwa na prosesa fulani hakumaanishi kwamba inaendeshwa bila MMU.

MicroBlaze iliwahi kuwa na msaada huo ndani ya kerneli kuu, ila sehemu ya bila MMU imeshaondolewa. Nios II nayo, tangu ilipoingia kerneli kuu katika toleo la 3.19, inadai MMU. Isitoshe kompaila ya GCC 15 imeiondoa kabisa, kwa hiyo mradi mpya usijengwe juu yake. Cortex-M1 ya kuwekwa ndani ya FPGA ni ya aina ya ARMv6-M, na Linux kwa upande wa Cortex-M inaanzia ARMv7-M. PicoRV32 ni ndogo na yenye kasi nzuri ya saa, LUT (vipande vidogo vya mantiki ambavyo nafasi ya FPGA hupimwa kwavyo) 750 hadi 2,000 kwenye FPGA za Xilinx za mfululizo wa 7, lakini haina maagizo ya atomiki na mfumo wake wa makatizo (interrupt) haufuati kiwango cha RISC-V. Ni prosesa bora kwa programu ndogo. Kwa Linux, hapana.

Zinazobaki kwa mradi mpya ni njia mbili zenye mashiko. Ya kwanza ni RISC-V, kwa mfano VexRiscv ikiwa na maagizo ya RV32IMA, pamoja na nyongeza za Zicsr (rejista za udhibiti) na Zifencei (agizo la fence.i la kusawazisha kache ya maagizo). Herufi A isiachwe, maana kerneli hutumia maagizo ya atomiki kila mahali. RISC-V bila MMU iliingia kerneli kuu katika toleo la 5.5, mwanzo kwa biti 64; ya biti 32 ilifuata baadaye, hivyo lichukuliwe toleo jipya la mfululizo wa 6. Kerneli hapa huendeshwa katika hali ya M (ngazi ya juu kabisa ya mamlaka ya prosesa), bila programu ya SBI (ya huduma za msingi za maunzi) chini yake, na hutegemea kipima muda cha mtime na mtimecmp kilichopangwa kama CLINT, kitengo cha kawaida cha RISC-V cha kipima muda na makatizo.

Njia ya pili ni J2 ya mradi wa J-Core, inayotekeleza maagizo ya SH-2 na iliyobuniwa tangu mwanzo bila MMU. Jeff Dionne yuleyule wa uClinux ni miongoni mwa walioijenga, na inaonekana: muundo wa FDPIC (wa programu zinazogawana nakala moja ya msimbo bila MMU) umefanyiwa kazi vizuri na maktaba ya C ya musl inaikubali. Imewahi kuwekwa hata kwenye FPGA ndogo ya Spartan-6 LX9. Upungufu wake ni jamii ndogo ya watumiaji. Tatizo gumu likitokea, wa kuuliza ni wachache.

Kuhusu gharama ya MMU yenyewe: VexRiscv yenye kache bila MMU huchukua takriban LUT 1,500 hadi 2,000 kwenye FPGA ya Artix-7, na ile iliyopangwa kwa Linux yenye MMU inakaribia 3,000. Artix-7 35T ina LUT 20,800. Kwenye chipu hiyo, kuacha MMU ili kubana nafasi ni uchumi wa kujinyima chumvi. Sababu halali ni nyingine: FPGA iliyojaa kweli, hitaji la muda wa majibu usioyumbishwa na tafsiri ya anwani kukosekana kwenye TLB (kache ya MMU), au RAM ndogo isiyotosha Linux ya kawaida.

Kuijenga

Anza kwenye kiigizi cha QEMU, si kwenye bodi. Buildroot, zana ya kujenga mfumo mzima wa Linux, ina mpangilio wa qemu_riscv32_nommu_virt_defconfig. Ujenge, uendeshe kwa -cpu rv32,mmu=off, na uhakikishe unafika kwenye alama ya amri. Sasa una kerneli na mafaili unayoyaamini, na chochote kitakachoshindikana kwenye bodi kitakuwa cha maunzi au cha maelezo ya maunzi.

Ukihamia bodi, mambo matatu hubadilika: anwani ya mwanzo wa RAM, faili la mti wa vifaa (device tree, maelezo ya maunzi kwa kerneli), na draiva ya mlango wa siriali. Kerneli huingia ikitarajia namba ya kiini kwenye rejista a0 na anwani ya mti wa vifaa kwenye a1. Programu ya kuwasha ikisahau a1, skrini inabaki tupu bila neno. Thamani ya timebase-frequency (kasi ya kipima muda ndani ya mti wa vifaa) nayo iandikwe kwa uangalifu. Jaribio lake ni jepesi: toa amri ya sleep 10 na uipime kwa saa ya mkononi. Ikichukua sekunde 5 au 20, namba hiyo ndiyo yenye makosa, na usiendelee na kingine kabla hujaisahihisha, maana muda wa mtandao wote utakuwa mbovu.

Mafaili ya mfumo yakiwekwa ndani ya kerneli kama initramfs, kumbuka kwamba wakati wa kuwaka RAM inabeba nakala mbili kwa pamoja: furushi lililobanwa na mafaili yaliyofunguliwa. Kwenye RAM ya MB 8 hilo peke yake linaweza kuzuia mfumo usiwake. Chipu ya Kendryte K210, ambayo si prosesa laini ila ni kipimo kizuri cha udogo, ina SRAM ya MB 8 na Linux bila MMU inawaka humo. Inawaka, lakini kila programu ya ziada ni majadiliano.

Kumbukumbu

Programu nyingi kwenye mfumo huu huwa za muundo wa bFLT (faili sahili la programu kwa mifumo isiyo na MMU), zinazotengenezwa na zana ya elf2flt. Linka (linker) ikipewa -Wl,-elf2flt, hutoa programu pamoja na faili la pili lenye mwisho wa .gdb. Hilo la pili lihifadhiwe, ndilo pekee lenye majina ya funkisheni wakati wa kutafuta kosa.

Staki ya kawaida ya elf2flt ni baiti 4,096, na haikui. Linganisha na PATH_MAX ya Linux, ambayo nayo ni 4,096: funkisheni moja inayotangaza char njia[PATH_MAX] ndani yake imeshaimaliza staki nzima kabla haijafanya lolote. Katika bFLT staki imekaa juu ya data na bss (maeneo ya vigezo vya jumla) ndani ya eneo lilelile na inashuka chini, kwa hiyo ikifurika haitoi kosa lolote. Inaandika juu ya vigezo vya jumla. Dalili ni kigezo kinachobadilika bila mtu kukigusa, kisha programu kufa mahali pasipohusika kabisa, mara nyingi ndani ya malloc au printf. Wengi hulaumu maktaba.

Tiba iko kabla ya kuendesha. Jenga kwa -fstack-usage, GCC itatoa faili la .su kwa kila faili la msimbo likionyesha baiti zinazotumiwa na kila funkisheni; ongeza -Wstack-usage=1024 ili zile kubwa zijitaje zenyewe. Jumlisha mnyororo mrefu zaidi wa miito, zidisha kwa mbili, kisha weka:

flthdr -s 16384 programu

au wakati wa kulinka, -Wl,-elf2flt=-s16384. Amri ya flthdr -p huonyesha kilichowekwa. Programu zenye kuchambua XML, JSON au vielezo vya regex zianzie KB 32, na msimbo unaojiita wenyewe bila kikomo kinachojulikana uandikwe upya kwa kitanzi. Hakuna ukubwa wa staki utakaouokoa.

Tatizo la pili ni kumbukumbu kukatika vipandevipande. Kila eneo linaloombwa lazima liwe la kurasa zinazofuatana kweli kwenye RAM, na kerneli hugawa kwa vipimo vinavyoongezeka maradufu (kurasa 1, 2, 4, 8 na kuendelea). Programu inayohitaji KB 600 hutafutiwa kipande cha MB 1, yaani order 8 kwa kurasa za KB 4. Kwa mpangilio wa kawaida, vm.nr_trim_pages ikiwa 1, KB 424 zinazobaki hurudishwa mara moja. Hiyo inaokoa RAM, lakini inaacha vipande vidogo ambavyo baadaye havitaungana kama katikati yake kuna kitu kimekaa. Ukiiweka 0 unapoteza RAM na kupata vipande vinavyoungana vizuri. Kwa kifaa kinachofungua na kufunga programu zilezile kwa miezi, 0 mara nyingi ndiyo chaguo bora. Kwa kinachofungua programu zake mara moja tu na kubaki nazo, 1 inatosha.

Ujumbe wa kutafuta kwenye logi ya kerneli (dmesg) ni "Allocation of length … from process … failed", ukifuatiwa na orodha ya vipande vilivyobaki. Soma /proc/buddyinfo kila saa na uhifadhi namba zake: safu za kulia (vipande vikubwa) zikienda zinapungua huku za kushoto (vidogo) zikiongezeka, RAM iliyo huru ipo lakini haitumiki. Amri ya free haitakuonyesha hilo. Itasema kuna MB 5 wakati programu ya MB 1 inakataa kufunguka. Tena kipande kikubwa kuliko vyote kwa mpangilio wa kawaida ni MB 4, hata kama bodi ina MB 64 tupu.

Dawa ni nidhamu: programu kubwa zifunguliwe mwanzoni na zisifungwe, buffa kubwa ziombwe mara moja na kutumiwa tena. Chunguza pia malloc iliyochaguliwa ndani ya maktaba ya C ya uClibc-ng. Ile iitwayo malloc-simple huita mmap kwa kila ombi, na ombi la baiti 20 hula ukurasa mzima. Ni ndogo, ndiyo, lakini programu inayounda orodha ya vipengele 1,000 itakula takriban MB 4 kwa data ya KB 20.

Jambo la tatu husahaulika: bFLT inayopakiwa RAM nzima haigawani msimbo. BusyBox (programu moja yenye amri nyingi za Linux) ya KB 500 ikifunguliwa mara nne ni MB 2, kwa sababu kila moja inabeba nakala yake. FDPIC, au kuendesha msimbo moja kwa moja kutoka flashi pale inapowezekana, huondoa mzigo huo. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuithamini J2 licha ya uchache wa watu wake.

Hakuna fork

Kerneli isiyo na MMU inakataa fork, mwito wa kuzaa mchakato mpya kwa kunakili mzazi; mwito huo hurudisha EINVAL, na kwa uClibc-ng kwa kawaida linka ndiyo itakayolalamika kwanza. Kilichopo ni vfork: mzazi anasimama hadi mtoto aite exec (kupakia programu nyingine) au _exit, na wakati huo wote mtoto anatumia kumbukumbu na staki ya mzazi. Mtoto asirudi kutoka funkisheni iliyoita vfork, asiite exit badala ya _exit, asibadilishe vigezo. Kubadilisha fork kuwa vfork kwa amri ya sed kunalinka bila kosa na kuharibu staki ya mzazi siku ya kwanza. Tumia posix_spawn palipowezekana. Kwa huduma zinazojitenga nyuma, mwito wa daemon() uondolewe na programu ianzishwe na init moja kwa moja. BusyBox yenyewe hutatua tatizo la kukosa fork kwa kujiita upya kwa exec. Ganda (shell) ni hush, kwa kuwa ash inahitaji fork. Seva inayozaa mchakato kwa kila mgeni igeuzwe iwe ya thredi au ya poll, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa, iingizwe kwenye mpango.

Makosa ya maunzi yanayojifanya ya programu

Kerneli inayokufa mahali tofauti kila ikiwashwa, kwanza fungua ripoti ya muda (timing) ya FPGA. Saa isiyotimizwa kwa hata sehemu ndogo ya nanosekunde hutoa makosa ambayo hakuna kitafuta makosa kama GDB kitakachoyaeleza. Baada ya hapo pima RAM kutoka kwenye msimbo ulioko RAM ya ndani: andika 0x55555555 na 0xAAAAAAAA, kisha andika kwenye kila neno anwani yake yenyewe, ukirudia kache ikiwa imezimwa na ikiwa imewashwa. Malizia kwa kuandika baiti mojamoja kwenye nafasi zote nne za neno na kusoma neno zima. Nyaya za kuchagua baiti zikiwa zimepishana, majaribio ya maneno mazima yote yanapita na Linux inakufa inapogusa maandishi ya kwanza.

Kache ya maagizo na ya data kwa kawaida hazijuani. Programu ikipakiwa RAM, maagizo mapya yanaweza kuwa bado yako kwenye kache ya data, kwa hiyo fence.i inatakiwa kutekelezwa kweli na prosesa, isiwe agizo lililopitishwa kama tupu. Dalili: programu ya kwanza inaendeshwa vizuri, ya pili inaanguka, ukiirudia inapona. Kuzima kache ya maagizo na tatizo likatoweka kunathibitisha.

Bendera za kompaila nazo zilingane na maunzi. Ukijenga kwa rv32ima wakati kizidishi kimezimwa kwenye VexRiscv, agizo la kwanza la mul linaleta kosa la agizo haramu. Hilo angalau linasema wazi. Maktaba iliyojengwa kwa bendera tofauti na programu ni tatizo baya zaidi, kwa hiyo Buildroot ijenge kila kitu, usichanganye na kompaila iliyopakuliwa.

Wanaoshindana nayo

FreeRTOS inachukua KB 6 hadi 12 za msimbo wa kerneli na inatosha ndani ya RAM ya ndani ya FPGA, KB 225 kwenye Artix-7 35T, bila kidhibiti cha SDRAM kabisa. Kuondoa SDRAM kunaondoa nusu ya makosa yaliyotajwa juu. Washa configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW kwa thamani 2 na usome uxTaskGetStackHighWaterMark kwa kila kazi. Zephyr ni nzito kidogo lakini ina ulinzi halisi: prosesa ikiwa na PMP (kitengo cha RISC-V cha kulinda maeneo ya kumbukumbu), CONFIG_PMP_STACK_GUARD hukamata staki inayofurika papo hapo, jambo ambalo Linux bila MMU kwenye RISC-V haifanyi. NuttX inamfaa mwenye msimbo wa POSIX anayekimbia ukubwa wa Linux. FPGA ndogo ya iCE40 UP5K, yenye SPRAM ya KB 128, ni ya hawa watatu tu.

Prosesa laini ina faida moja ambayo chipu ya dukani haina, na ni ajabu jinsi isivyotumiwa. Njia ya data ni yako. Panga ramani ya anwani ili kuanzia 0 hadi 0xFFF pasiwe na kitu, na anayegusa hapo arudishiwe ishara ya kosa, ERR kwa basi la Wishbone au DECERR kwa basi la AXI; pointa tupu itasimamisha programu papo hapo badala ya kuandika kimyakimya juu ya kitu. Kisha ongeza kilinganishi kimoja chenye rejista mbili, mwanzo na mwisho wa eneo, kinachotuma katizo prosesa ikiandika humo. Kinachukua LUT chache. Kiweke kwenye mpaka wa chini wa staki ya programu inayoshukiwa, na anwani iliyomo kwenye mepc (rejista inayotunza mahali prosesa ilipokatizwa) itakuonyesha mwandishi wa kosa ni nani.